Kilichosalia si Kile Kilichokufa

Kilichosalia si kile kilichokufa. Mmemsikia bwana shamba akiisema methali hii leo, wanangu, mlipomlalamikia kwamba dawa ya mwaka jana haiwaui tena wadudu wa kahawa. Mnaniuliza ameitoa wapi. Ameitoa humu humu nyumbani kwetu, kinywani mwa wifi yangu Skolastika. Methali hii ilianza hivi.

Skolastika, fundi cherehani hapa Mbinga, ni mke wa mdogo wangu Bosko. Mwaka mmoja alianza kukonda. Alitoka jasho hata asubuhi za baridi, na tumbo lake upande wa kushoto likawa gumu kama jiwe. Hospitali wakampima, wakasema ni saratani ya damu. Wakampa vidonge: kimoja kila siku baada ya chakula, bila kukosa.

Vidonge vile vilifanya kazi ambayo hatukuitegemea. Baada ya miezi michache tumbo lililainika. Mwaka wa pili amenawiri, anaimba kwaya, anashona sare za shule mpaka vitambaa vinamwishia. Sisi tukatoa misa ya shukrani, tukasema amepona. Daktari hakusema amepona. Alisema, “Damu imetulia, endelea na dawa.” Lakini nani alimsikiliza?

Mwaka wa tatu jasho likarudi. Vipimo vikaonyesha seli mbaya zimejaa tena.

Tulichanganyikiwa kabisa. Dawa ni ileile, mtu ni yuleyule, imekuwaje? Bosko akasema vidonge vya siku hizi ni bandia. Jirani akasema kuna mkono wa mtu. Mimi, Mungu anisamehe, nilisema hamezi. Niliingia chumbani kwake nikavihesabu vidonge vilivyobaki. Hesabu ilikuwa sawasawa, wala sikuridhika. Nikamfuata kwenye cherehani yake mbele ya wateja.

“Wifi, sema kweli. Vidonge unameza au unatupa?”

Aliacha kushona. “Dada Agata, nameza kila siku, mume wangu ananiona.”

“Basi vimeshindwaje?”

“Sijui.” Akaitazama mikono yake. “Hata mimi najiuliza. Nazirudia siku zote kichwani, naitafuta ile niliyokosa, siioni. Sasa nimeanza kuamini niliikosa nikasahau.”

Nami nikaondoka nikijiona nimesema la haki.

Wiki ile tulikwenda naye hospitali, mimi na Bosko. Tulimkuta Dakta Mapunda, mama mmoja mpole. Kabla hajaketi vizuri nikamwuliza kama dawa zake zimeisha nguvu.

“Dawa ina nguvu zake, mama,” akasema. “Seli za saratani huzaana ovyo, na katika kuzaana huko nyingine hutoka na kasoro. Seli nyingi mno zilikuwa na mahali ambapo dawa inajishika. Zikafa. Lakini chache, pengine moja tu, mahali pale palikuwa pamebadilika umbo. Dawa ikifika haishiki. Hiyo ikabaki, ikazaa. Zinazomsumbua leo ni watoto wake.”

“Kwa hiyo dawa ndiyo iliyoifundisha ujanja?”

“Hapana. Iliwaondoa wenzake tu, nayo seli hiyo ikapata nafasi.”

Sikuelewa. Nikauliza lile lililonileta. “Sasa aliyekosea ni nani?”

“Hakuna aliyekosea.”

Jibu hilo ndilo lililonivuruga kuliko yote. Nilikuwa nimekuja na lawama, na sasa sijui niitue wapi.

Tulipotoka, Skolastika aliketi kwenye benchi la ukumbini, akalia. “Kumbe sikukosa hata siku moja,” akasema. “Hata moja, dada!”

Mimi bado nabishana na mambo yaliyonishinda. “Lakini wifi, vidonge ni vilevile, ugonjwa ni uleule...”

“Si uleule.” Akajifuta macho kwa kanga. Alisema polepole, kama mtu anayejifafanulia mwenyewe. “Ule ulikufa, uliniachia huu. Kilichosalia si kile kilichokufa.”

Daktari, aliyekuwa mlangoni, akamwambia hajawahi kumsikia mtu akiueleza vizuri hivyo.

Wakampima upya, wakambadilishia dawa. Hii ya pili ilimvimbisha miguu na kumwumiza kichwa, ila damu ilitulia. Hiyo ni miaka tisa sasa, na bado anashona. Kila baada ya miezi mitatu anarudi kupimwa, maana hakuna ajuaye kama kuna seli nyingine iliyojificha. Msemo wake ulitoka pale hospitali, ukaenda kanisani, ukafika sokoni, na sasa watu wanautumia kwa magugu, kwa wezi, kwa ugomvi wa ndoa.

Mimi nilimwomba radhi mbele ya watu, pale pale nilipomwaibisha. Alinishika mkono tu. Yale ya seli sijayaelewa yote hadi leo. Lakini mtu akirudiwa na ugonjwa, simwulizi tena amekosea wapi. Namwuliza amekula nini, nakaa naye, na tukipata nafasi tunakwenda pamoja kuuliza sasa tunapambana na nini. Maana kilichosalia, wanangu, si kile kilichokufa.