Mto Uliopita Jikoni kwa Otane

Paukwa!
Pakawa!
Maji huenda wapi?
Yanakotaka!
Basi sogeeni. Na wewe unayesinzia, ukalale kwenu.

Hapo kale, huko milimani Japani, bwana mmoja alijenga mji, akauita Nagisawa. Ngome juu, nyumba za watu chini, na ukuta mrefu wa mawe kuuzuia mto. Mto ukaja, ukauangusha. Akajenga tena, ukauangusha. Akajenga mara ya tatu, lo! Ukauangusha na madaraja yote.

Wakubwa wa ngome wakasema, "Bwana, ukuta una njaa. Uzikiwe mtu hai, utasimama."

Kura ikamwangukia Kinu, binti pekee wa Otane, mjane muuza maandazi ya mchele.

"Tunajenga tena. Ukuta ukifika juu," askari wakamwambia Otane, "tutamfuata."

Jamani, uchungu wa mwana! Otane alikimbia mpaka mtoni, akapiga magoti kwenye matope.

"Ee Mto, wataka nini? Wataka mwanangu?"

Maji yakasimama. Nawaambia yalisimama, kimya! Akaibuka samaki mwekundu, mkubwa kuliko ng'ombe, sharubu zinang'aa. Akaimba:

*Sitaki mtu, nataka njia,*
*Sitaki damu, nataka njia,*
*Anipaye njia, simdhuru.*

"Njia ipi?"

"Nilipokuwa nikipita zamani. Pale ulipo moto wako wa kupikia."

Otane akageuka, akaitazama nyumba yake. Nyumba ile ndiyo aliyoachiwa na marehemu mumewe, hana nyingine. Kisha akainuka, akachukua jembe.

Akachimba toka mtoni. Majirani wakamcheka: "Otane, umerukwa na akili? Unaukaribisha mto ndani?"

"Mgeni huyu hafukuziki," akajibu, akachimba.

Akabomoa ukuta wa jiko. Akang'oa mafiga. Akatoboa mlango wa nyuma. Huku nje ukuta ukawa umefika juu, askari wakaja wamemshika Kinu mikono, na bwana mwenyewe nyuma yao, na mto ukanguruma ukija.

Wote wakafumba macho.

Maji yakaingia kwa Otane taratibu, kama mkwe anayeingia ukweni. Yakapita katikati ya jiko, hayakulowesha hata mkeka. Yakatokea nyuma, yakaenda zake mashambani. Na ukuta, jamani, ukuta haukutikisika.

Bwana akashuka kwenye farasi. Akavua viatu mlangoni mwa mjane, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Mama, nisamehe."

"Mwachie mwanangu kwanza," Otane akasema, "ndipo tuongee."

Akamwachia. Tangu hapo kila nyumba ya Nagisawa ikachimba mfereji wake jikoni, na hakuna aliyetakiwa tena kuzikwa chini ya jiwe. Wanawake huosha masufuria humo, na samaki wekundu hula makombo ya wali.

Jirani usiyeweza kumhamisha, mpe njia.

Mimi nilipita huko nikaalikwa chakula. Nilipogeuka kunawa, samaki wakanimalizia ubwabwa. Ngano imekwisha, na njaa yangu bado. Nani ana kiporo?