Meya Aliyepiga Lipu Ukuta wa Mafuriko

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmenyweshwa uji wa jana? Paukwa!

Pakawa!

Haya, ndiyo hivyo. Hapo zamani za kale, kule Polandi, palikuwa na mji mdogo kando ya mto, ukiitwa Zalevka. Vitu vya kuonyesha wageni vilikuwa vitatu tu: daraja la mawe, mnara wa kengele wenye kiota cha korongo, na ukuta wa kanisa. Mto ulipofurika, watu walichonga mstari ukutani pale maji yalipofikia. Wa kwanza, magotini. Wa pili, kifuani. Wa tatu ulimpita mtu mrefu kichwa. Huo aliuchonga mume wa Bibi Pelagia, fundi mawe, siku waliyomzika mtoto wao aliyezama.

Akaja Meya Bonifasi. Askofu yuko njiani kuja, na Meya anataka mji ung'ae.

"Mikwaruzo gani hii? Pigeni lipu!"

Ukuta ukawa mweupe kama yai. Kisha, bila haya, akagawa viwanja bondeni. Cha kwanza akapata Halina, binti wa Pelagia, mwenye mapacha. Cha pili akapata Teofili mwoka mikate.

Pelagia akamwendea Meya. "Bonifasi, rudisha mistari."

"Mto umezeeka, bibi, kama wewe!"

Watu wakacheka. Mto ukasema: "Nilikuja, mkaandika. Mmefuta."

Pelagia akaenda tena. "Rudisha mistari!"

"Mpelekeni kwake, jua limemwingia kichwani."

Mto ukasema: "Nilikuja, mkaandika. Mmefuta."

Theluji ikaanza kuyeyuka. Korongo akagonga mdomo, ka-ka-ka! "Pelagia, maji yamegusa daraja!"

Safari hii Pelagia hakuomba. Alishika nyundo na tindo ya marehemu mumewe, mchana kweupe, akaipiga ile lipu mpaka ikabanduka. Halina akaja mbio.

"Mama, unatutia aibu!"

"Simama hapa. Nyoosha mgongo."

Mstari wa tatu ukampita kichwa. Halina akainua macho kuutazama. "Kama maji yalifika huku juu kanisani... kule bondeni je?"

"Wanao wako wapi?"

Mbio! Akawabeba mapacha mpaka mnarani, majirani nyuma yake. Teofili peke yake akabaki na tanuri lake. "Meya kasema mto umezeeka. Sitoki."

Mto ukasema: "Nilikuja, mkaandika. Mmefuta. Sasa naandika mwenyewe."

Ukalifagia bonde lote.

Maji yalipopungua, Meya alikaa mlangoni pa kanisa, tope mpaka masikioni. "Jamani, nani angejua?"

Pelagia akamtupia tindo miguuni. "Ukuta ulijua! Wewe ukauziba mdomo. Chonga!"

Meya akapanda ngazi, akachonga mstari wa nne, juu ya ule wa tatu. Akachonga mwaka. Akataka kushuka.

Pelagia akaishika ngazi. "Na jina la Teofili."

"Bibi, mkono unauma."

"Herufi zote, Bonifasi."

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye herufi ya mwisho ya Teofili. Haya, nisukumieni ukuni huo. Mpaka leo nikimkumbuka yule Meya damu inanichemka.