Madawati ya Nje

Isome hadithi hii polepole, kisha umpelekee yeyote unayemfahamu mwenye mhuri mkononi.

Katika wilaya moja ya milimani, ambako misonobari hupandwa mpaka karibu na vizingiti vya nyumba, aliishi seremala mwanamke aliyeitwa Sekela. Karakana yake ilitazamana na shule ya msingi. Wanakijiji walipoijenga shule ile kwa nguvu zao, Sekela ndiye aliyetengeneza milango yote minane ya madarasa. Kila mlango ulikuwa na upana wa futi mbili na nusu, kama ramani ya serikali ilivyotaka, wala haukuzidi hata unene wa ukucha.

Kila asubuhi, akiwa anapiga randa, aliwaona watoto wa darasa la kwanza wakiingia kwenye mlango alioutengeneza yeye, kisha wakikaa sakafuni. Kulipokuwa na baridi, saruji ile ilikuwa kama chuma. Kikohozi chao kilivuka barabara mpaka karakanani.

Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza zabuni ya madawati mia mbili, Sekela aliwaita mafundi wenzake watano. Sheria ya manunuzi aliisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Ilisema wazi: kitu kikipatikana hapa nchini na kikafaa, cha ndani kinunuliwe kwanza.

"Kikafaa," alisema Asajile, mmoja wa mafundi hao. "Hapo ndipo watakapotunyongea."

"Basi tutengeneze kinachofaa."

Wakatengeneza dawati la mfano. Mbao zake zilikaushwa miezi sita, na viungo vyake vilichongwa vikaingiana bila kutegemea msumari. Sekela akalibeba kichwani mpaka halmashauri.

Afisa manunuzi, Bwana Kitundu, alikuwa akinywa chai. Alilitazama dawati kwa juu ya miwani.

"Mama, sisi tunataka dawati la nje."

"Tangazo halikusema hivyo, bwana."

"Limesema viwango vya kimataifa. Ni kitu kilekile."

"Likalie kwanza, ulipime."

"Mimi nikalie kila kinacholetwa hapa?"

"Basi niambie, bwana. Hao watoto wa kimataifa makalio yao yana pembe ngapi?"

Karani wake, aliyekuwa naye akinywa chai, alicheka mpaka ikampalia. Bwana Kitundu hakucheka. Akaandika kwenye fomu, "Halikidhi viwango," akagonga mhuri. Hakuwa ameinuka kitini, wala hakuwa ameligusa dawati hata kwa kidole. Sekela alipotaka kuondoka na dawati lake, akaambiwa mfano haurudishwi mpaka mchakato uishe. Akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mchakato ulichukua miezi minne. Watoto waliendelea kukaa chini.

Hatimaye malori yakafika shuleni na madawati mia mbili kutoka ng'ambo. Yalikuwa yaking'aa, yana rangi ya buluu, na kila moja limeungwa kwa chuma, kiti na meza pamoja. Walimu walipiga makofi. Kisha vibarua wakabeba la kwanza mpaka mlangoni, na pale mlangoni likakwama.

Wakalilaza ubavu. Likakwama. Wakalisimamisha kama mtu. Likakwama. Mwalimu mkuu, Mwalimu Tuntufye, akaleta futi, akalipima kila upande. Upande wake mwembamba kuliko yote ulikuwa futi tatu. Kulifungua vipande haikuwezekana, kwa kuwa lilikuwa limechomelewa. Madirishani kulikuwa na nondo.

Basi madawati ya nje yakabaki nje.

Usiku ule mvua ikanyesha, na usiku uliofuata pia. Ile mbao ya buluu kumbe ilikuwa maranda yaliyoshikamanishwa kwa gundi. Ilivimba kama maandazi, kisha ikaanza kubanduka. Watoto walisoma sakafuni, wakiyachungulia madawati yao kupitia dirishani.

Siku tatu kabla ya Mkuu wa Wilaya kuja kuyakabidhi rasmi, Bwana Kitundu alifika karakanani kwa Sekela. Safari hii alikuwa mnyenyekevu.

"Fundi wetu, habari za kazi? Nimekuletea neema. Tunataka upanue milango ya shule. Yote minane. Mbomoe ukuta kidogo huku na kidogo kule, mtengeneze miimo mipya. Wewe na wenzako wote watano mna kazi."

Sekela aliweka randa chini. Hasira ilimpanda. Mbao zake za dawati hazikufaa, lakini za kufichia aibu zilifaa!

"Kubali, dada," Asajile alimnong'oneza. "Tumekaa bure tangu mwaka uanze. Njaa haichagui."

Sekela aliitazama mikono ya Asajile, akaitazama shule. Akamwambia Bwana Kitundu, "Ijumaa nitakuja shuleni na kinachohitajika."

Bwana Kitundu akaondoka akipiga mluzi.

Ijumaa asubuhi, Sekela hakubeba nyundo wala tindo. Alikwenda halmashauri, akasimama getini. Pale alikuwepo askari mlinzi, Bwana Ndele, mtu wa mwili mkubwa, ameketi mahali pake pa kila siku.

"Kaka Ndele, niazime hicho unachokalia."

"Usikicheleweshe, fundi. Tangu nikipate, mgongo wangu umepona."

Mkuu wa Wilaya alipowasili shuleni, alikuta mistari ya madawati ya buluu yaliyovimba, na watoto wamesimama kando. Bwana Kitundu alikuwa akimtafuta Sekela kwa macho. Akamwona anavuka uwanja, dawati kichwani, anaelekea darasa la kwanza. Akapita mlangoni. Dawati halikugusa mwimo wa kulia wala wa kushoto.

Akatoka nalo tena, akaliweka mbele ya wageni.

"Fundi!" Bwana Kitundu alifoka. "Ulikubali kupanua milango!"

"Nilisema nitakuja na kinachohitajika."

"Mheshimiwa, samahani, huyu mama dawati lake tulishalikataa. Sisi tulitaka la nje."

"Na hili ni la nje," alisema Sekela. "Bwana Kitundu, hulifahamu? Limekaa nje ya ofisi yako miezi minne, juani na mvuani, chini ya Kaka Ndele. Kila asubuhi unalipita ukiingia kazini."

Watu waliangua kicheko. Mkuu wa Wilaya hakucheka. Aliinama, akalitikisa dawati kwa mikono miwili. Halikulia. Akalikalia. Kisha akauliza, "Lilipimwa na nani likaonekana halifai?"

Bwana Kitundu alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Sikuomba nipendelewe, mheshimiwa," alisema Sekela. "Niliomba mtu akae. Lingevunjika, ningelibeba nikaenda zangu. Sheria ilikuwa na kipimo chake, kama mlango huu. Bwana huyu akaipanua ili mzigo wake upite. Sasa mzigo umekwama, anataka nibomoe na ukuta. Nikishaubomoa, baridi itaingia kwa nani?"

Mwalimu Tuntufye aliwatazama watoto wake, akainamisha kichwa. Ni yeye aliyepiga makofi ya kwanza malori yalipofika.

Siku ile hotuba haikusomwa. Madawati ya buluu yalirudishwa kwa aliyeyauza, na mafundi sita wakapewa kazi. Hawakumaliza kabla ya baridi: darasa la kwanza lilipata madawati mwezi wa Juni, la pili likasubiri mpaka Agosti. Lakini kila dawati lilipita mlangoni, na kabla ya kupita, Mwalimu Tuntufye alilikalia yeye mwenyewe. Mawili aliyakataa, na Sekela akayarudisha karakanani bila kununa.

Bwana Kitundu alihamishiwa wilaya nyingine. Huko nako kuna sheria, na kuna milango.

Funzo: Usikiite kibovu kitu cha nyumbani ambacho hujakikalia, na ukimwona mtu anaipanua sheria ili mzigo wake upite, mzuie mapema, maana kesho atakuomba ubomoe ukuta unaowakinga watoto wako.