Kahawa Iliyopoa kwa Mzee Dhafir

Hapo zamani, na msinicheke, kwani zamani yenyewe simu zilikuwa na vibonyezo, aliishi mfanyabiashara wa udi katika mji wa Wadi Samar, huko Uarabuni. Aliitwa Mzee Dhafir. Alikuwa na binti mmoja, Rudayna, mwenye sauti ya kumtoa mtu machozi katikati ya chakula.

Siku hizo televisheni ikaleta shindano. Vijana kumi, wake kwa waume, wanafungiwa nyumba moja, na kamera zinawafuata wakiimba, wakipika na wakinuniana. Watazamaji wanapiga kura kwa ujumbe wa simu. Mwenye kura chache anafungasha. Rudayna akaingia bila ruhusa ya baba, na Mzee Dhafir akawaka. Akaapa mbele ya majirani: "Wallahi, Rudayna hakanyagi tena kwangu, mpaka mtu asiye na mkono katika aibu hii aje kumwombea!"

Sasa sikilizeni mambo ya mji ule. Sheikh Mutlaq alipanda mimbari kila Ijumaa akalilaani shindano. Na kwa kuwa hakupenda waumini waangamie kwa kutojua, aliwatajia chaneli, siku na saa, ili waliepuke. Wiki ya kwanza zilitazama nyumba chache. Wiki ya nne hata mwadhini alikuwa akiuliza Rudayna anaendeleaje.

Daktari Nizar, mwandishi wa gazeti, yeye aliandika kwamba hizi ndizo kura za kwanza nchini kuhesabiwa mbele za watu, kwamba usasa umebisha hodi, na kila mpenda maendeleo ampigie Rudayna. Dada yake mwenyewe alipoomba kushindana msimu ujao, alimjibu, "Wewe una mitihani." Dada alikuwa amemaliza shule miaka sita nyuma.

Bibi Wadha, mama yake Mzee Dhafir, hakuhubiri wala hakuandika. Kila alasiri, mwanawe akisinzia, aliichukua simu ya huyo mwanawe akampigia mjukuu kura moja. Moja tu, maana alibonyeza kwa kukariri, na aliogopa kukosea akirudia.

Rudayna akashinda. Mji mzima ukapiga honi. Alipoulizwa anataka nini, alisema, "Nataka kwenda nyumbani," akalia. Mji ukalia naye, pamoja na wale waliokuwa wameiepuka chaneli.

Akafika mlangoni kwa baba na sanduku lake, jua la mchana likiwaka, kamera nyuma yake. Mlango umefungwa. Ndani, barazani, mlikuwa na Sheikh Mutlaq na Daktari Nizar, na Bibi Wadha ameketi nao kama mgeni, wote wamekuja kumwombea; na Sheikh alikuwa amevaa joho jipya.

Kule, mgeni mwenye haja nzito huiweka kahawa chini bila kuionja. Mwenyeji hawezi kumwacha vile. Ama ampe haja yake, ama aaibike maisha. Mzee Dhafir aliinua dele la kahawa akamimina, na finjani tatu zikatua chini kwa pamoja.

"Mfungulie kwa ajili yangu," akasema Sheikh Mutlaq. "Sikupiga kura hata moja. Nani alilipinga jambo hili kuliko mimi?"

"Ulilitangaza kuliko wenye televisheni," akajibu Mzee Dhafir. "Hata mimi saa yake niliijua kwako."

"Mzee wangu, basi kwa ajili yangu," akasema Daktari Nizar. "Niliandika tu. Televisheni sina, sijatazama kipindi hata kimoja. Mkono wangu uko wapi?"

"Umo kwenye kalamu. Binti yangu ulimtaka awe wa kisasa, dada yako ukamficha nyuma ya mitihani."

Bibi Wadha akasema, "Dhafir, mwanangu, mimi sijisafishi. Nilimpigia kwa simu yako, siku arobaini, kura arobaini. Nilitaka mjukuu wangu afurahi. Lakini mtoto yuko juani, na mimi sinywi."

Mzee Dhafir akaifungua simu ahakikishe. Sheikh akachungulia kushoto. "Mbona ziko themanini?"

Daktari akachungulia kulia. "Arobaini za alasiri. Na arobaini za asubuhi, baada ya sala ya alfajiri."

"Asubuhi simu unakuwa nayo wewe, mwanangu," akasema Bibi Wadha taratibu.

Mzee Dhafir akainama, machozi yakamlenga. Kwa kukosa la kufanya na mikono, akajimiminia kahawa. Akaitazama. Akaiweka chini bila kuionja.

Nje mlango ukagongwa. "Baba, ni mimi."

Haya, jamaa zangu mlioketi hapa mkijifanya televisheni hamtazami: kiapo kilimtaka asiye na mkono, na barazani hamna hata mmoja. Yuko aliyelaani akatangaza, yuko aliyesifu asitazame, yuko bibi aliyekiri, na yuko baba aliyeapa kisha akapiga kura kwa kujificha. Finjani nne zinapoa, na Rudayna bado yuko juani. Je, ni finjani ya nani iliyostahili kufunguliwa mlango?