Mkeka Chini ya Kuba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mliolala njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Hapo kale, kabla babu wa babu zenu hajaota jino, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mwashi aitwaye Fundi Shekuwe. Mwashi hasa, jamani! Kisima alijenga yeye. Msikiti alijenga yeye. Daraja la mawe la mtoni, lililopitisha ng'ombe na maharusi, yeye. Alianza angali kijana, akajenga, akajenga, mpaka ndevu zikawa rangi ya chokaa yake.

Naye alikuwa na desturi. Kuba la mawe hujengwa juu ya gadi, yaani miti ya kulitegemeza, mpaka chokaa ikomae. Siku ya kuziondoa gadi, Fundi Shekuwe hutandika mkeka chini ya kuba lake, akaketi peke yake. Vijana hugonga: ko! ko! ko! Miti huanguka: pwaa! Yeye yumo ndani, anakunywa kahawa.

"Likianguka," husema, "lianze na mimi."

Kahawa hiyo aliipika mkewe, Bi Mwanahija. Mkeka aliusuka yeye. Kila mara alisimama nje na wenzake, moyo ukimwenda mbio. Gadi ya mwisho ikishaanguka, kimya. Kisha sauti hutoka ndani: "Mwanahija, kahawa imekwisha!" Vigelegele! Naye hulia na kucheka kwa pamoja. Hakuzoea hata siku moja. Nani angezoea?

Watu walistaajabu, na mtu akistaajabu sana hutia chumvi. Wakanong'ona: "Si bure. Mkeka ule una dawa. Ndio unaoshika mawe."

Basi ikaja mashine. Tajiri Hemedani, mwenye mashamba ya miwa, alileta mashine ya mvuke ya kukamulia. Chuku-chuku! Chuku-chuku! Fiiii! Watoto walikimbia, mbuzi walikimbia, hata imamu alikimbia, ila yeye alisema anawahi sala. Cheche zikaruka, banda lake la makuti likateketea lote. Hemedani akamwendea Fundi.

"Fundi, ijengee mashine yangu nyumba isiyoshika moto."

Fundi Shekuwe akamjengea kuba pana ambalo mfano wake macho ya kijiji hayajapata kuona. Ukitazama juu, unasahau kufunga mdomo. Lakini akaonya, "Chokaa bado mbichi, bwana. Ngoja mwezi mwingine uandame."

"Miwa imeshakatwa, Fundi! Itachacha!"

"Chokaa haijui tajiri. Ngoja."

Asubuhi moja Fundi alikuwa tanuuni anachoma chokaa. Mtumishi wa Hemedani akapiga hodi kwa Bi Mwanahija. "Bwana ana wageni, mama. Anaomba mkeka." Jirani akiomba mkeka hanyimwi. Bi Mwanahija akautoa.

Punde akasikia: ko! ko! ko!

Mlio ule aliujua kuliko mtu yeyote. Akakimbia mpaka tanuuni, miguu mitupu. "Shekuwe! Wanang'oa gadi!"

Wakafika mbio. Mkeka umetandikwa katikati, mtupu. Hemedani na wafanyakazi wamejaa ndani, wanaisukuma mashine. Gadi zimebaki chache. Kuba linalia: krrr... krrr... Vumbi linadondoka. Watu wakatazama juu, wakapiga mayowe, wakaurukia mlango wote pamoja, mlango ukaziba.

Fundi Shekuwe akataka kuingia. Bi Mwanahija akamshika kanzu. Kanzu ikamponyoka. Mzee akajipenyeza katikati ya watu, akaketi mkekani, akakunja miguu.

"Salaam aleikum," akasema. "Mnaniona mimi nakimbia? Tokeni mmoja mmoja, aliye mlangoni kwanza. Na asiguse mtu gadi."

Wakamwona ameketi. Wakatulia. Akatoka mmoja. Krrr. Akatoka mwingine. Krrr. Bi Mwanahija alitazama kila uso unaotoka, na kila uso haukuwa wa mumewe. Akatoka Hemedani. Mwisho kabisa akatoka Fundi.

Gubuuu! Kuba chini. Mashine chini. Vumbi likafifisha jua. Bi Mwanahija akampapasa mumewe kichwa, mabega, mikono, asiamini. Nami nikifika hapa, wenzangu, nywele hunisimama.

Hemedani ndiye aliyeanza kusema. "Fundi, mbona mkeka haukulishika?"

"Mkeka haujapata kushika hata kokoto, bwana. Ulikuwa unanishika mimi. Nikijua nitakaa chini ya kuba, silipui kazi."

Hemedani akainamisha kichwa. "Nijengee tena."

"Nitajenga. Lakini siku ya kung'oa gadi, utakaa wewe."

Likajengwa tena. Kila kulipokucha Hemedani alikuja kubonyeza chokaa kwa kidole. Mwezi ukaandama, ukaandama tena. Miwa mingine ikakomaa shambani, ikaanza kutoa maua. Fundi Shekuwe akamwita. "Chokaa imekuwa jiwe, bwana. Tung'oe?"

Tajiri akakwaruza ukuta kwa ukucha. Akatazama juu, muda mrefu.

"La, Fundi," akasema. "Tungoje kidogo."

Basi, wanangu, mtu akikuhimiza ulipue kazi, muulize kwanza nani atakaa chini yake. Hadithi yangu naitua hapa.