Chai ya Jumamosi

Ukuta hauanguki siku ile unayosikia kishindo. Huanza kuanguka siku ufa mwembamba kama unywele unapojitokeza, na mwenye nyumba akautazama na kusema, "Huo bado." Ndivyo mambo yalivyokwenda katika mtaa mmoja nyuma ya soko, mtaa ambao watu wake waliusifu kwa utulivu bila kujiuliza utulivu ule ulitoka wapi.

Ulitoka kwa mama mmoja mwenye sauti nzito, mwenyekiti wa mtaa kwa miaka mingi. Walimwita Bi Kengele, maana akikuita kutoka mwisho wa barabara, huwezi kujitia hukusikia. Kila Jumamosi asubuhi aliketi katika chumba cha kusubiria cha zahanati pamoja na muuguzi, mwalimu mkuu wa shule ya jirani, na fundi wa magari ambaye gereji yake ilikuwa kijiwe cha vijana. Walikunywa chai, wakaongea. Mwalimu alitaja mtoto aliyeanza kutoroka masomo. Muuguzi, bila kutoa siri ya mgonjwa, alisema ni nyumba gani inahitaji kutembelewa. Fundi alieleza upepo wa vijana unavumia wapi. Kisha wakagawana kazi: huyu akazungumze na mzazi, yule amtafutie kijana shughuli ya kushika. Hakuna aliyewapigia makofi. Janga ambalo halikutokea halina wa kulishangilia.

Miguu ya Bi Kengele ilipoanza kuvimba, aling'atuka. Akachaguliwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mchapakazi aliyejulikana kwa jina la Vitendo. Hakuwa mtu mbaya. Muda si muda taa za barabarani ziliwaka na mitaro ikazibuliwa, watu wakasema sasa wamepata kiongozi. Jumamosi yake ya kwanza pale zahanati, chai ilipoa mkononi mwake.

"Tumejadili tatizo gani leo?" aliuliza.

"Kubwa halipo," mwalimu alijibu.

"Basi tumekutania nini?"

Muuguzi alitabasamu. "Ili kubwa lisiwepo, Mwenyekiti."

"Sista, moto ukiwaka niite, nitakuja na maji. Lakini kukaa tukinusa moshi ambao haupo, siwezi."

Vikao vikafa kifo cha kimya. Fundi alikwenda kumlalamikia Bi Kengele, naye akanyoosha mkono achukue simu amwite mrithi wake, kisha akaurudisha. "Watasema kikongwe hataki kuachia kiti," alisema. "Mwacheni ajifunze mwenyewe." Neno hilo alikuja kulijutia.

Vitendo alikuwa na kitinda mimba wake, kijana mcheshi, mwepesi wa hesabu, aliyefanana na baba yake kama shilingi kwa ya pili. Siku moja fundi alipofuata misumari dukani, alijikaza akasema, "Mwenyekiti, kijana wako siku hizi namwona na watu ambao..."

"Ujana huo, Fundi. Nawe uliupitia," Vitendo alimkata, akamgeukia mteja mwingine.

Fundi aliona haya kuitwa mmbea. Akachukua misumari yake, akaondoka.

Jumapili moja mchana kweupe, zahanati ikiwa imefungwa, vijana watatu walivunja dirisha la stoo wakitafuta vidonge vya kulevya. Mlinzi, mzee aliyewajua tangu wakibebwa mgongoni, akawakuta kwenye ngazi. Alimshika mmoja mkono, akamtazama usoni. "Mjukuu wangu, ni wewe?" Kijana alishikwa na hofu, akamsukuma. Mzee alianguka chali, kisogo kikagonga saruji. Hakuamka tena.

Kijana huyo alikuwa mtoto wa Vitendo. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaeleza polisi maneno ya mwisho ya mzee.

Baada ya maziko, Vitendo aliwaita mwalimu, muuguzi na fundi katika chumba kilekile cha zahanati. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niambieni," alisema, "mlikuwa mnajua nini?"

Mwalimu alianza. "Alikuwa akikosa vipindi vya mchana. Nilidhani anakusaidia dukani."

"Kwangu alikuja akidai hapati usingizi," muuguzi alisema. "Alitaka vidonge. Nilimnyima, nikadhani ni wasiwasi wa mitihani."

"Mimi niliwajua aliokuwa nao," fundi alisema, akaishia hapo. Hakutaka kumkumbusha habari ya misumari.

Vitendo aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo mngekaa pamoja hata Jumamosi moja tu..."

"Tungejua kabla chai haijapoa," muuguzi alisema, akaanza kulia.

Vitendo alitoka pale hadi kwa Bi Kengele. "Mama, mbona hukuniita?"

"Nilichelea maneno ya watu, mwanangu. Kosa hilo tuligawane."

"Sasa nifanye nini?"

"Kaeni Jumamosi. Watoto wa wenzako bado wapo."

Wakakaa. Lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Milango iliyokuwa ikifunguliwa kwa hodi moja sasa ilifungwa kwa komeo, kwani kila mzazi alimshuku mtoto wa mwenzake. Mjane wa mlinzi, akimwona Vitendo, alivuka barabara. Vijana waliokuwa wakiongea na fundi kwa mzaha walinyamaza akikaribia. Zahanati ilizungushiwa ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake. Vitendo alitoa saruji yake mwenyewe na kuchanganya zege kwa mikono yake. Siku za kumtembelea mwanawe gerezani, walikaa wakitazamana. Neno ambalo zamani lingetosha kusemwa mara moja, juu ya kikombe cha chai, sasa lilihitaji miaka, na hata hivyo lisingemrudisha mzee wa watu.

Hakika wahenga walinena kweli: usipoziba ufa, utajenga ukuta.