Kofia ya Dereva wa Kiberenge

Hapo zamani, na wala si ile zamani ya mazimwi, ni hii ya juzi ambayo wengine wenu mmezaliwa ndani yake mkaisahau, palikuwa na shamba la mkonge likiitwa Kwamavumbi. Mkonge wake ulikuwa mrefu hata ndege wakitaka kutua kileleni walipumzika kwanza katikati. Anayebisha na awaulize hao ndege.

Siku hizo asubuhi ilikuwa na harufu. Kiwanda cha kuchambulia mkonge, watu wote wakikiita korona, kilitema maji ya kijani yenye uvundo wa kukaba koo. Leo ukimkuta mtu wa Kwamavumbi mjini amesimama kando ya mtaro mchafu, anavuta pumzi na macho yanamlengalenga machozi, mwache. Yuko nyumbani.

Singa, zile nyuzi za mkonge, zilianikwa nyeupe, ekari kwa ekari, na katikati yake kilipita kiberenge, kitreni kidogo cha shamba, kikikokota matoroli ya mkonge kutoka makambini. Kilikuwa na honi moja ya shaba. Dereva wake, Mzee Kilua, akiibonyeza Kambi ya Kwanza, chai ilimwagika vikombeni Kambi ya Saba.

Na huko Kambi ya Saba, mwisho kabisa wa reli, ndiko alikokaa mama yake Semboja.

Semboja alikuwa Mzigua, kibarua wa korona, mwembamba kama kamba aliyoisokota mwenyewe. Mama yake miguu ilikuwa imemshinda. Kutoka korona mpaka kwake na kurudi kwa miguu kulikula siku nzima, na siku nzima Semboja hakuwa nayo, na Mzee Kilua hakupakia abiria. Mama huyo kila jioni alikaa kizingitini, na akisikia honi alipangusa kigoda cha pili, kile cha mgeni. Kiberenge kikaja, kikarudi. Kigoda kikabaki kitupu.

Basi Mzee Kilua akafikia kustaafu. Meneja akamwambia, "Kofia yako, na kiberenge pamoja nayo, mpe umtakaye. Mimi nataka mkonge ufike."

Semboja akaenda mbio. "Mzee wangu, nipe mimi."

Kumbe Mihayo alishatangulia, amejaa mlangoni kama kabati. Huyu alikuwa Mnyamwezi mnene, msukuma matoroli kwa miaka kumi na mmoja.

"Rudi, mtani," Mihayo akasema. "Kiberenge kitakupeperusha kikienda mwendo wa pili."

"Na wewe kitakugomea kabla ya mwendo wa kwanza."

Mzee Kilua akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Jumapili. Relini."

Hapo lazima mwelewe. Kwamavumbi watu hawakumaliza mashindano kwa ngumi, waliyamaliza relini. Matoroli mawili matupu huwekwa kwenye reli iliyonyooka, yakitazamana. Kila mtu hupanda lake. Kamba moja baina yao, na katikati taruma moja, lile gogo linalolaliwa na reli, limepakwa chokaa. Mnavutana. Ambaye toroli lake litavuka chokaa, amevutwa, ameshindwa. Na miaka yote, vibonge ndio walioshinda. Watu wakapiga vigelegele, wakasema, tazama nguvu za fulani! Hata vitoto vya shamba vilijua kwamba nguvu ziko tumboni.

"Mzee, huu ni uonevu," Semboja akalalamika Jumapili ilipofika. "Mihayo ni watu wawili ndani ya shati moja."

Ndipo akajitokeza Mwanamkuu, dada wa mizani, aliyepima singa miaka tisa. "Leteni wote hapa. Nitawasawazisha."

Akampima Mihayo na toroli lake. Akampima Semboja na lake. Kisha akaongeza mafungu ya singa kwa Semboja, moja, moja, tena moja, mpaka mizani ikatulia mahali palepale. Vyuma vya magurudumu ya matoroli yote mawili akavipaka grisi kwa mkono wake.

Raundi ya kwanza, wote wawili wakavuta. Watu wakaimba, "Kamba njoo! Kamba njoo!" Matoroli yakaja mbio, yakagongana, kwa! Tazama chini: juu ya chokaa. Hakuna aliyevuka.

Raundi ya pili, Mihayo akasema, "Nimechoka na mtoto huyu." Akafunga kamba kwenye chuma cha toroli lake, akakunja mikono, akatia kipande cha muwa mdomoni. Moyo wa Semboja ukaruka. Leo mama ataona! Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Akavuta mpaka akaiona kofia kichwani mwake na kigoda kimekaliwa. Matoroli yakaja, kwa! Tazama chini: juu ya chokaa. Mihayo bado anatafuna.

"Mbona mimi nimesogea?" Semboja akauliza, anahema. "Nani kanivuta?"

"Mimi," Mihayo akasema, akatema kapi la muwa.

"Umenivutaje na mikono umekunja?"

"Ndiyo ujue nguvu zangu."

Raundi ya tatu, Semboja akalipa kisasi. Akafunga kamba, akakunja mikono, hata akajifanya amelala, anakoroma. Mihayo akavuta peke yake, jasho likachora ramani mgongoni. Matoroli yakaja, kwa! Tazama chini: juu ya chokaa.

Mpishi wa kambi akasema reli imerogwa. Mzee Kilua akamgeukia Mwanamkuu. "Binti, umefanya nini na mizani yako?"

"Nimefanya haki, mzee, ndiyo maana mnashangaa." Akashika kamba kwa vidole viwili. "Kamba haina upande. Semboja akimvuta Mihayo kwa nguvu hii, kamba inamvuta Semboja kwa nguvu hiihii, Mihayo atake asitake, awe macho au usingizini. Hakuna anayevuta bila kuvutwa. Kasukume ukuta wa korona, uone kama ukuta haukusukumi."

"Basi mbona zamani vibonge walishinda?" mtu akapaza sauti.

"Walivutwa sawasawa na wenzao. Ila mzito ni mvivu kuondoka, mwepesi huondoka upesi akapitiliza chokaa. Mlikuwa mnashangilia vitambi."

Watu wakacheka, Mihayo hakucheka.

"Hebu kaeni nyote wawili kwenye toroli moja," Mwanamkuu akaendelea. Wakakaa. Akafunga kamba kwenye chuma cha toroli, yeye akashuka akasimama chini, mbele yao, kati ya reli, visigino amevikaza kwenye taruma lingine, ng'ambo ya chokaa. Akavuta. Toroli likatikisika, likaja polepole, na wanaume wawili juu yake wanatazamana kama kuku waliobebwa sokoni. Likaja, likavuka chokaa, likasimama magotini pake. Yeye hajasogea hata unyayo.

"Uongo wako huo!" Mihayo akaruka chini. "Umesema hakuna anayevuta bila kuvutwa. Wewe mbona hukuvutwa?"

"Nimevutwa, kaka. Viulize visigino vyangu. Nilisukuma taruma, taruma likanisukuma. Na nyuma ya taruma kuna dunia nzima. Kaiongeze kwenye mizani kama unaweza."

Mzee Kilua akavua kofia. Kofia yenyewe ilikuwa imepauka, ukingo umeliwa na jasho la miaka thelathini. Akaishika mkononi, akasema, "Haya. Semeni."

Mihayo akasema, "Baba yangu aliletwa kutoka Tabora, akapigilia misumari ya reli hii, na kwenye reli hii akafia. Mimi nimeisukuma miaka kumi na mmoja. Na leo nimemvuta mtu nikiwa nakula muwa. Dereva hahitaji misuli, anahitaji kutulia. Nani katulia kuliko mimi?"

Mwanamkuu akasema, "Fungu moja tu la singa ningelizidisha au kulipunguza, mngekuwa mmeshampata dereva, na msingejua kwamba nimewachagulia mimi. Sikufanya hivyo. Na nimewavuta wote wawili. Nipe mimi."

"Lakini hukuwa juu ya toroli," Mihayo akadakia. "Sheria ni toroli!"

"Na wewe kiberenge unataka kwa nini, binti?" mzee akauliza.

"Nataka tu. Mwanamume akitaka kitu, huulizwa sababu?"

Semboja akabaki wa mwisho. Alitaka kusema alivuta kwa jasho raundi mbili, akaona maneno hayo yamekwisha nguvu. Akasema, "Mama yangu husikia honi akapangusa kigoda."

"Nitampelekea salamu zako kila siku," Mihayo akasema, sauti imeshuka.

"Nitakupakia wewe mwenyewe Jumapili," Mwanamkuu akasema.

"Najua," Semboja akajibu. "Lakini nataka siku moja honi ilie, na atakayeshuka awe ni mimi niliyeiliza."

Siku hizi reli hiyo imeng'olewa, korona imeota magugu, na kiberenge kimekuwa nyumba ya mijusi. Ukipita pale jioni huisikii honi, ingawa wako watu watakaokuapia kwamba wanaisikia. Lakini Jumapili ile honi ilikuwa nzima, reli inameta grisi, na Mzee Kilua amenyoosha mkono juu ya taruma la chokaa, kofia inaning'inia kwenye vidole, wote watatu wako mbali nayo sawasawa.

Mmoja alivuta kwa jasho ili amwone mama yake. Mmoja alivuta akiwa amekaa, kwenye reli aliyoifia baba yake. Mmoja aliwasawazisha, kisha akashuka chini akawavuta wote.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza kwa raha zenu, mkono wa mzee umeanza kuchoka. Je, kofia ile nani alistahili kuivaa?